Mtu Anayefaa

Mwenyekiti wa bodi ya shule za jiji alimpa Kaimu mwezi mmoja amfundishe kazi mtu aliyepewa kiti chake.

"Wewe ndiye unayejua kila kitu humu," alisema, akisukuma faili la mteule mezani. "Tutakushukuru sana."

Kaimu hakuligusa. Alikuwa amekaimu ukurugenzi wa shule themanini na nne kwa miaka mitano, hadi jina lake likasahaulika ofisini. Alijua shule ipi inavuja mvua ikinyesha, na mwalimu mkuu yupi huugua ghafla wakaguzi wakija. Tangazo la kwanza la kazi lilitaka shahada ya uzamili. Alikuwa nayo. Likafutwa, likatoka la pili: uzamivu. Akaisomea Jumamosi na Jumapili mpaka akaipata. La tatu likaja na sharti jipya, kwamba mwombaji "aendane na jamii atakayoitumikia."

Jamii yenyewe ilikuwa nusu weusi, nusu weupe. Wajumbe wa bodi walikuwa saba, wote weupe. Kaimu alikuwa mweusi ti.

"Huyu mliyemchagua amesimamia shule ngapi?" akauliza.

"Moja. Kama naibu."

"Na uzamivu anao?"

"Tusianze habari za vyeti, mama. Vyeti si kila kitu."

"Mwaka jana vilikuwa kila kitu."

Mwenyekiti akakohoa. "Mimi si mbaguzi, unanijua. Lakini mzazi akiingia hapa anataka kuona mtu anayefanana naye. Yule kijana nilimtazama mara moja tu, nikajua amelelewa vizuri. Kuna mambo hayaandikwi kwenye vyeti."

"Amelelewa vizuri," Kaimu akarudia. "Hapo umesema kweli."

Akasimama, akaweka kiti mahali pake.

"Ofisi nitamkabidhi. Ila si humu chumbani. Itakuwa ukumbini, mchana kweupe, mbele ya walimu na wazazi. Na mialiko nitaandika mimi."

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa kesi mahakamani. Akampa mkono upesi kabla hajabadili mawazo.

Karani wa Kaimu aliposikia habari hizo, aliwaka moto.

"Mama, mimi leo naacha kazi! Miaka mitano wanakuvika kilemba cha ukoka, leo wamekuvua, na wewe unawaandalia sherehe?"

"Kaa chini, mwanangu. Andika mialiko. Wazazi watano kila shule."

"Kwani wewe huna uchungu?"

"Ninao. Ndiyo maana sitaki ukumbi mdogo."

Karani akaandika, huku akizigonga herufi kama anayepigilia misumari. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimsikia bosi wake kwenye simu. "Vaa ile suti ya kijivu. Na usichelewe, maana wewe nakujua." Kisha kicheko kidogo. Karani akashangaa: mwanamke anaporwa kazi, bado ana moyo wa kumchagulia mumewe nguo.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama ukutani. Mteule aliketi katikati ya jukwaa, mrefu, mweupe, ndani ya suti ya kijivu, kila mara akijilegeza tai. Kaimu aliwekewa kiti pembeni kabisa, karibu na pazia. Alikikalia kidevu juu, kama aliyekichagua mwenyewe.

Safu ya mbele alikaa bibi mmoja mweupe mwenye mkongojo. Mwenyekiti aliponong'onezwa kuwa huyo ndiye mama mzazi wa mteule, alishuka mwenyewe, akamshika mkono, akampandisha jukwaani na kumkalisha karibu yake.

"Mnaona?" akawaambia wajumbe wenzake kwa sauti ya chini. "Si niliwaambia? Mtu unamjua kwa watu wake."

Akaanza kusoma sifa za mteule. Hazikuchukua muda.

"Na Kaimu ana kasoro gani?" baba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Tumezingatia mengi," Mwenyekiti akajibu.

"Yataje!"

Minong'ono ikapanda. Mwenyekiti akajifuta jasho, akafungua mkataba, akampa mteule kalamu. Mteule akaipokea. Akautazama mkataba ukurasa mzima, kisha akaiweka kalamu chini.

"Mama yangu hajasema neno," akasema. "Kwetu jambo kubwa halikamiliki mpaka yeye aseme. Sitasaini kabla yake."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka kuliko wote, kwa jinsi alivyofarijika.

"Huyo ndiye kijana mwenye adabu! Mama, karibu. Waambie wazazi wenzako jinsi unavyojivunia mwanao."

Bibi akainuka taratibu, akapokea kipaza sauti. Akampita Mwenyekiti. Akampita na mteule. Akaendelea kukongoja mpaka mwisho wa jukwaa, kwenye kile kiti cha karibu na pazia. Kaimu akasimama kumpokea.

"Najivunia wanangu wote wawili," bibi akasema, akiushika mkono wa Kaimu na kuuinua juu. "Lakini aliyeisomea kazi hii ni huyu, mwanangu wa kwanza, niliyemchukua nikamlea tangu akiwa mchanga."