Mkaguzi Asiyejua Kiswahili

Kasuku alimkanyaga mguu chini ya meza. Haikuwa bahati mbaya, maana kisigino kilibaki pale pale, kikazidi kukandamiza.

Fundi wa vifungo alivuta mguu wake, akamkata jicho. Kiwanda kizima kilijua kwamba karani huyu wa ofisi hakupewa jina la Kasuku bure: alichosema bosi asubuhi, yeye alikirudia mpaka jioni. Na leo ndiye aliyewekwa kuwatafsiria mafundi! Fisi kakabidhiwa bucha.

Walikuwa watatu ndani ya stoo ya vitambaa, wamezungukwa na marobota: fundi, Kasuku, na mkaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo, mtu wa makamo aliyevaa shati jeupe, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alikuja, walivyoambiwa, kwa sababu ya barua. Mtu fulani alikuwa amewaandikia wanunuzi kwamba mlango wa nyuma wa ghorofa ya tatu hufungwa kwa kufuli watu wakiwa kazini, ati wasije wakaiba mashati. Barua haikuwa na jina. Bosi alikuwa ametafuta wiki tatu nzima bila kumjua mwandishi.

Mwandishi ndiye huyo aliyekuwa akikanyagwa mguu. Mdogo wake hupiga pasi ghorofa hiyo. Siku moja pasi ilishika moto, moshi ukajaa, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula. Wasichana walizima moto kwa maji yao ya kunywa. Tangu siku hiyo fundi hajapata usingizi wa maana.

Mkaguzi aliuliza kitu kwa Kiingereza.

"Anauliza kama mlango wa nyuma huwa wazi muda wote," alisema Kasuku. "Jibu ni ndiyo. Sema ndiyo, dada."

"Wewe unatafsiri au unanijibia?"

"Sema ndiyo, yaishe."

Kikulacho ki nguoni mwako, fundi alijisemea. Akamgeuzia bega, akamkabili mkaguzi.

Swali la pili lilikuja. Kutoka kazini ni saa ngapi?

"Saa tatu usiku," fundi alijibu kwa sauti.

Kabla Kasuku hajafungua mdomo, kalamu ya mkaguzi ilikwisha kuandika. Kiingereza cha fundi kilikuwa cha lebo za nguo tu, lakini namba alizisoma hata zikiwa zimegeuzwa miguu juu. Ishirini na moja, saa za Kizungu. Mgeni aliyeokoteza maneno mawili matatu ya Kiswahili angesikia tatu, akaandika tatu. Huyu aliihesabu saa ya Kiswahili kama mtu aliyelelewa nayo.

Basi anasikia kila kitu! Amejifanya hajui makusudi, amnase Kasuku na uongo wake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi fundi alipumua. Liwalo na liwe.

"Mzee," alisema akimtazama machoni, "Kiswahili unakijua. Mwambie huyu atoke, nikueleze ukweli."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Akatabasamu, akamwonyesha Kasuku mlango kwa kidole.

Kasuku alisimama taratibu. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mwenzangu, kumbuka una watoto."

"Unanitishia mbele ya mgeni?" fundi alifoka. "Toka!"

Mlango ulipofungwa, alimwaga yote yaliyomkaa kooni: kufuli, moto, mdogo wake, majibu waliyokaririshwa kama watoto wa chekechea. Akasema barua aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na alipolisema hilo machozi yalimtoka kwa raha.

Mkaguzi aliandika bila kumkatiza.

"Usinisadiki mimi peke yangu," alisema fundi. "Tulikuwa watano tulioipanga barua hiyo. Ngoja nikuletee wenzangu."

Alipita mbio katikati ya mashine. Akamgusa bega fundi wa kola, akamwita mama wa kupanga maboksi, akapanda ngazi kuwachukua wapiga pasi wawili, mmoja wao mdogo wake. "Njooni, msiogope," aliwahimiza. "Leo tumepata mtu." Kasuku aliyekuwa ameegemea ukuta nje ya stoo alimshika mkono. Fundi akaukung'uta.

Walijipanga mbele ya marobota, wakajitambulisha mmoja mmoja. Mkaguzi aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, akatoa simu mfukoni.

"Bosi, wote watano ninao hapa," alisema kwa Kiswahili safi. "Mkaguzi akifika Alhamisi, hatawakuta."