Matusi ya Kumsomea Mgonjwa

Pei-chun alivuta kiti karibu na kitanda, akatoa simu mkobani, akaanza kumsomea baba yake matusi.

"Hili nimeliandika mchana, kazini, bosi akidhani najibu wateja. Sikiliza, Baba. 'Sisimizi, wewe mwoga. Waliounda simu hii walikesha kwa kazi, wewe unakesha kwa wivu. Weka jina lako hapa kama una haya.'"

Lo Chin-fa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alisubiri kitulie.

"Una ulimi, mwanangu. Soma na ya wenzako."

Akasoma. Yalikuwa mengi, mengine hayasomeki mbele ya mzazi, akayaruka.

Lo alikuwa mhandisi wa simu katika kampuni kubwa ya Taoyuan tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ile simu ya mwisho aliyoiunda, Pei-chun aliwaonyesha watu kana kwamba ni mdogo wake wa kuzaliwa. Kisha akazuka mtu mtandaoni, akajiita Sisimizi. Hakupayuka. Aliandika kwa upole, na upole huo ndio uliochoma. Alisema kampuni inatuma masasisho ya kuzifanya simu za zamani ziwe goigoi kusudi, ili watu wachoke wanunue mpya. Alisema betri imegandishwa kwa gundi ili fundi wa mtaani asiiguse. Alisema betri hiyo inavimba, na wakubwa wanajua.

Magazeti yakadaka. Wanunuzi wakakimbia. Kampuni ikafunga idara ya Lo, naye akarudi nyumbani na birika lake la chai ndani ya boksi. Mwaka haukuisha, madaktari wakaona uvimbe kwenye ini.

Kwa Pei-chun hapakuwa na la kuuliza. Sisimizi amemuua baba yake, basi, ingawa baba alikuwa bado anapumua. Akaunda kundi mtandaoni, akakusanya watu, kila siku wakamshukia Sisimizi kama mvua.

Baba na binti hawakuwa watu wa maneno. Tangu mama afariki, Pei-chun alikuwa akija kutoka Taipei sikukuu ya Mwaka Mpya tu. Walikula kimya, televisheni ikiwasemea. Sasa alipanda treni kila alipotoka kazini. Walikuwa na adui, na adui aliwapa mazungumzo. Pei-chun alisoma, akamenya topetope, akasoma tena, na mara nyingine nesi alilazimika kuja kumkumbusha kwamba muda wa wageni umekwisha.

Sisimizi hakuwahi kumjibu mtu. Siku moja tu alimjibu yeye, chini ya matusi marefu kuliko yote aliyowahi kuandika: "Umeshakula?"

Mtandao mzima ulicheka. Pei-chun alifika hospitali anafoka.

"Ananifanya mjinga, Baba! Nimemtukana mpaka mababu zake, ananiuliza nimekula!"

"Mababu zake walikukosea nini?"

"Walimzaa yeye!"

Lo aligeuza uso dirishani. Mabega yake yakawa yanatikisika, naye Pei-chun akafurahi kwamba amemchekesha.

Mara moja tu aliuliza. Kulikuwa na habari ya mama mmoja wa Tainan aliyeunguzwa mkono na simu aliyokuwa ameiweka chini ya mto.

"Hivi, Baba, la betri ni kweli?"

Lo alikuwa akikoroga uji wa mchele ambao wote wawili walijua hataunywa.

"Tuseme ni kweli. Mtu aliyejua alitakiwa afanye nini?"

"Awaambie wakubwa, hukohuko ndani. Siyo kuanika watu wazima mtandaoni."

"Na wakubwa wakimwambia anyamaze?"

"Basi anyamaze! Hana familia? Hajui akiangusha kampuni anaangusha na wenzake?"

"Ana familia," Lo alisema. Akaweka kijiko. "Haya, nisomee."

Alimsomea mpaka alipolala. Siku zilizofuata Lo hakuweza tena kucheka, alikuwa akitikisa kidole tu kuonyesha amesikia. Kisha kidole nacho kikatulia.

Walimchoma asubuhi yenye manyunyu. Baadaye, nje ya jumba la kuchomea maiti, Pei-chun alisimama mbele ya tanuri la sadaka akiulisha moto vitu vya karatasi ili vimfuate marehemu huko aendako: nyumba, koti, na simu ya karatasi aliyoagiza itengenezwe ifanane na ile ya baba, hata kitufe cha pembeni. Kando yake alisimama Kang, mzee aliyekaa meza moja na Lo kiwandani miaka yote, na ambaye Pei-chun alimwita ami tangu utoto.

"Jana nilimwandikia Sisimizi, Ami Kang. Nikamwambia, baba yangu amefariki, haya, shangilia. Kimya. Wiki nzima hajaandika neno. Kumbe naye ana haya."

Kang alitazama ile simu ya karatasi ikijikunja motoni. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni.

"Hataandika tena, Chun. Ndiye tuliyemchoma asubuhi."

Karatasi zilizobaki zilimponyoka Pei-chun, zikatawanyika kwenye sakafu yenye maji.

"Nilimsihi akwambie," Kang alisema. "Akaniambia, 'Akijua, hatakuja tena kunisomea.'"