Mwaka Aliopewa Chirau

Kadhi wa Kwale alimpa Chirau mwaka mmoja ajitibu. Akishindwa kumwingilia mkewe, mke awe huru. Nchi ikapata uhuru, waganga wa Msambweni wakachoka, na kesho mwaka unaisha.

Basi akaunda chombo kwa betri za redio, waya na kitufe cha kengele, ingawa kazi ya umeme hakuijua. Akajifunga waya kinenani, kitufe akampa mkewe.

"Bonyeza, bibi. Ukiniua, umeokoa nauli ya Kwale."

Mkewe akabonyeza. Paja likaruka kama kuku aliyechinjwa, likatulia. Kwingine kote kulilala vile vile.

"Umeumia?"

"Heri ningeumia."

Mkewe akamfungua waya taratibu, akamfunika kwa leso.

"Kesho nitamwambia kadhi umepona," akasema. "Lakini usinitazame nikiapa."