Nadharia Nzito ya Profesa Korongo

Umewahi kutapika dawa, ukaambiwa unadeka? Mtoto wa Swala, mgonjwa wa kichocho, aliitapika kila siku. Ndani ya dawa walikaa pacha wawili: mmoja mponyaji, mwenziwe mchungu tu, hana kazi. Wanyama wakapika pamoja ili wawatenganishe, na kila mmoja akaandika ukutani alichotia chunguni. Profesa Korongo, aliyepiga marufuku kula na kunywa jikoni, ndiye aliyefaulu: pacha mchungu alizama chini, mtoto akameza, akatulia.

“Ulitia nini, Profesa?” akauliza Nyuki. “Mbona ukutani hujaandika?”

“Nadharia nzito, binti. Hutaielewa.”

“Dawa uliyoipika imekwisha,” Swala akasihi, “na mwanangu hajapona. Tafadhali, baba.”

Korongo akainamisha mdomo wake mrefu, akasema kwa sauti ya kifaranga:

“Nilikuwa nakunywa juisi ya ukwaju. Ikamwagika chunguni.”