Ufunguo Mmoja wa Kufuli Jekundu

"Mama, darasa la mapishi liko jengo la pili," mwalimu Darryl alisema, na vijana wakaangua kicheko.

"Nimekuja kwa mashine," Seini akajibu, akaketi mbele kabisa. Miaka hamsini na miwili, ovaroli mpya, na ndani yake nguo nyeusi. Nyeusi tupu, kama ya msibani.

Darryl alikuwa na ulimi mchafu, lakini kazi aliijua, hilo usimnyime. Karakana yake pale Dandenong ilikuwa imetoa mafundi wa viwandani chungu nzima, na wote walianzia hapa: kufuli jekundu lenye jina lako. Kabla hujaingia kwenye mashine unazima swichi, unaipiga kufuli, ufunguo unatia mfukoni. Mwingine haligusi.

"Ukilisahau ukaenda zako nyumbani," Darryl alisema, "nalikata kwa mkasi ule wa kukatia chuma pale ukutani, na Jumatatu unatuletea katoni ya bia."

Wakacheka tena. Seini alikuwa akihangaika na kufuli lake. "Ufunguo hautoki, mwalimu."

"Utatokaje na kufuli liko wazi? Limeundwa makusudi. Lifunge kwanza, ndipo utoke."

Kisha akaenda kwenye mashine kubwa ya kukandamiza bati, akaipigapiga ubavuni. Akashusha sauti.

"Mwaka jana, Ijumaa jioni, mwanafunzi wangu Tevita aliingia humu kusafisha. Mimi najua watu wote wameondoka, nikawasha. Hakufunga kufuli. Nilimwambia mara ngapi? Polisi walikuta swichi tupu, haina kufuli. Hata mazishini sikwenda, moyo ulikataa. Msiwe wazembe kama Tevita."

Vijana waliinamia viatu vyao.

Seini alilifunga kufuli. Ufunguo ukatoka. Akalifungua, ufunguo ukang'ang'ania. Akarudia mara ya pili, ya tatu.

"Vipi, mama, bado linakushinda?"

"Hapana. Sasa nimelielewa."

Alitia mkono ndani ya ile nguo nyeusi, akatoa bahasha ndogo ya hospitali, akaimwaga mezani. Ukaanguka ufunguo mmoja wenye kibandiko chekundu. Kilikuwa kimeandikwa Tevita.

"Walinirudishia pamoja na suruali ya mwanangu," Seini alisema. "Ulikuwa mfukoni."

Vijana wote walikuwa wamegeuka, wanautazama mkasi ukutani.