Soketi Aliyoiziba Baba

Waifai ilikatika kila mchezo ulipokolea, kwa hiyo Tunu akanunua adapta mbili za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Moja aliichomeka sebuleni. Nyingine aliipeleka chumbani kwake, kwenye soketi ambayo marehemu baba aliiziba kwa utepe mweusi. Akaubandua utepe.

"Dada, leo hugandi!" Makame, mdogo wake, alicheka kwenye spika, kutoka ng'ambo. Hawakuwa na mahali pengine pa kukutana ila kwenye mchezo huo wa mtandaoni.

"Leo utanitambua!"

Nyuma ya ukuta, Bibi asiyeweza kuinuka kitandani akaita, "Tunu, mbona ukuta umepata moto?"

"Jua hilo, Bibi."

"Usiondoke, dada. Imebaki raundi moja."

Tunu akaweka kiganja ukutani. Nje, mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.