Picha ya Mume Wake

Kila alipokwenda kumtazama mkewe kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Mzee Khatibu alianza kwa kumkumbusha kuwa yeye ndiye mumewe. Bi Mwatumu alimtazama kwa mashaka tu, na siku yao yote ikaharibika.

Safari hii alimkuta uani na wazee wenzake, wanapaka rangi. Mkewe alikuwa anachora nyumba ya manjano.

“Nzuri,” alisema Mzee Khatibu. “Utanipa?”

“Samahani, baba. Hii ni ya mume wangu.”

Alifungua kinywa kumsahihisha, akasita. Badala yake akavuta kiti.

“Yukoje huyo mume wako?”

“Mpole,” alijibu Bi Mwatumu bila kuinua macho. “Ila anapenda chumvi kupita kiasi.”

Mzee Khatibu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu amlete hapa. Mkewe naye akatabasamu, akamchagulia brashi ndogo.

“Haya, nisaidie ukuta huu. Taratibu, usivuke mstari.”

Wakainama pamoja juu ya karatasi. Kiwiko cha mzee kikagusa cha mkewe, naye hakukisogeza.